Jinsi Baba Alivyofundisha Neno Jubilant

Kamusi niliyo nayo mezani inasema jubilant ni "-enye shangwe". Sina ugomvi na waliotunga kamusi. Kazi yao ni ngumu na nafasi wanayopewa ni finyu. Lakini shangwe hupigwa hata na watu wasiofurahi. Nimeona watu wakimpigia shangwe mgeni wa serikali juani, na gari lake lilipoondoka tu wakaanza kumsema. Baba yangu asingekubali watu wale waitwe jubilant. Angekunja uso, angetia chaki mfukoni na kusema, "Hao walikuwa wanapiga makofi tu."

Baba alifundisha Kiingereza katika shule ya msingi Iringa miaka ya sabini. Alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, mkoani Mbeya, aliyeletwa Iringa na uhamisho wa kazi akaoa hapo hapo, Mhehe wa Kalenga, ndiye mama yetu. Nyumbani tulisema Kiswahili kwa sababu hakuna kati yao aliyekubali kushindwa. Mama alijua Kinyakyusa cha salamu, baba alijua Kihehe cha sokoni, na sisi watoto tuliokota makombo ya pande zote mbili. Tulikuwa watatu: kaka yetu mkubwa, mimi, na mdogo wetu wa kike ambaye alizaliwa wakati majirani wameshaamua kwamba mama amefunga duka.

Baba alikuwa na kanuni yake ya kufundisha, na wakaguzi hawakuipenda. Neno la Kiingereza halikutafsiriwa mpaka lionekane mwilini. Akifundisha reluctant alitoka nje ya darasa, kisha akaingia kama mbuzi anayevutwa kamba, shingo mbele, miguu imegoma nyuma. Akifundisha arrogant alipita kati ya madawati bila kumwona mtu. Wanafunzi walicheka, na walipomaliza kucheka neno lilikuwa limeshaingia. Mimi nilisoma darasani kwake, na mpaka leo nikikutana na reluctant kitabuni namwona yule mbuzi.

Lakini neno lililompa sifa ni jubilant. Alisimama mbele ya ubao kimya kidogo, akisikiliza kitu ambacho sisi hatukukisikia. Kisha mguu wa kulia ukakanyaga chini kwa kishindo, tena, na tena, magoti yakikunjuka, kifua kikipanda, mkono mmoja ukiinuka juu na ile fimbo ya kuonyeshea ubaoni. Uso wake ulitazama dari. Aliruka mbele hatua chache, akageuka ghafla na kuturudia, na sakafu ya saruji ikaitika. Na huyu alikuwa mtu mkimya, mzee wa kanisa, mwenye suruali ya pasi na tai Jumatatu mpaka Ijumaa. Shule nzima ilimwita Jubilanti. Nadhani alijua, na hakuchukia.

Akishahema ndipo alipoeleza. Glad, alisema, ni mtu aliyepata alichokitaka. Happy ni mtu ambaye siku yake imekwenda vizuri. Jubilant ni mtu aliyepambana na jambo kubwa akalishinda, na sasa furaha imemzidi kimo, haiwezi kukaa ndani. Neno hili hupenda umati: timu, kijiji, watu waliotoka nje kusikia habari. Huwezi kulitumia kwa mtu anayekula ugali wake peke yake jikoni. Wala si neno la kila siku. Mtu akiwa jubilant kila siku, alisema baba, ndugu zake wampeleke hospitali.

Kisha tukatunga sentensi. Msichana mmoja wa Kihesa aliandika kwamba mama yake alikuwa jubilant kwa sababu sukari imefika duka la ushirika. Baba akamwambia sukari ni ndogo mno kwa neno hilo. Jioni alipotusimulia, mama, aliyekuwa ameshinda kwenye foleni ya sukari hiyo hiyo na kurudi mikono mitupu, akasema, "Mpe vema huyo mtoto. Wewe hujawahi kupanga foleni." Kesho yake baba alimpa vema.

Nyumbani neno lile likawa mchezo wetu. Kuku akiangua vifaranga wote, tulikanyaga. Barua ya kupandishwa cheo ilipofika baada ya baba kuisubiri mpaka akakata tamaa, tulikanyaga sebuleni hadi vikombe vikacheza kabatini. Mdogo wetu alijua kuinua mikono na kupiga mguu kabla hajajua kutamka maneno yake vizuri. Mama naye alikanyaga, ila kidogo tu, akisema anaihurumia sakafu. Sikumbuki nyumba nyingine yoyote niliyoingia utotoni ambamo watu wazima walicheza namna ile bila aibu, na niliona fahari kuwa na baba wa aina hiyo.

Mara moja tu nilimsikia akilitumia neno bila kulifundisha. Kaka alikuwa amegoma kuendelea na shule. Baba alimsihi, akamkemea, akaleta mpaka mchungaji, lakini kaka alitaka magari. Akapata kazi ya utingo kwenye lori la mbao lililokuwa likitoka Mafinga. Kwa miezi kadhaa baba hakuwa na maneno naye zaidi ya salamu. Tuliishi Ipogoro, pale barabara kuu inapopita chini ya mlima wa mji, na Jumapili moja tulipokuwa tunatoka kanisani lori likatokea, limejaa mbao mpya zinazonuka utomvu, na kaka amesimama juu kabisa ya mzigo. Shati lilikuwa limejaa upepo. Alikuwa amenyoosha mikono yote miwili na anatuita kwa sauti, mmoja mmoja, mpaka mdogo wetu aliyekuwa mgongoni kwa mama. Baba alisimama kando ya lami na kitabu chake cha nyimbo, akamtazama mpaka lori likapita.

"He is jubilant," alisema polepole.

Mama akauliza amesema nini. Baba akamwambia, "Nimesema mwanao ana furaha." Kuanzia wiki ile walianza kuongea tena, baba na kaka, na baba akawa anauliza habari za breki na springi utadhani ni mambo aliyoyasomea.

Kaka alikufa mwaka uliofuata, msimu wa mvua. Lori liliteleza kwenye kona likitokea Mafinga, likalala ubavu, na mbao zikamfunika. Dereva alipona. Kaka alikuwa kijana ambaye ndevu zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kumkubali. Sitaeleza alivyoletwa nyumbani. Nilikuwa darasa la sita, nilifungiwa chumbani na mdogo wangu, na nilichokisikia ukutani kinanitosha.

Baba mdogo alifika kwa basi kutoka Rungwe na wanaume wengine wawili, wakakaa sebuleni na wajomba zetu wa Kalenga. Shauri lilikuwa moja: kaka azikwe wapi. Mama alitaka azikwe Iringa, mahali ambapo angeweza kwenda kwa miguu akipenda. Baba mdogo akasema kwa upole, "Shemeji, mtoto huzikwa kwao. Bibi yake anamsubiri. Tukirudi mikono mitupu tutamwambia nini?"

 Mama akasema jambo ambalo nadhani alikuwa nalo moyoni tangu aolewe.

"Kwenu mnacheza ngoma makaburini. Nimesikia. Watu wanarukaruka, wanapiga kelele, mtu yuko ndani ya udongo. Mimi sitaki mtu afurahi juu ya mwanangu."

Hakuwa amewahi kuzika kule. Babu mzaa baba alikufa kabla hawajaoana, na misiba mingine baba alikwenda peke yake. Mama alikuwa anasema alichokisikia kwa majirani, na majirani wa Iringa hawakuwa na huruma na desturi za Wanyakyusa.

Baba alisimama. Aliongea kama alivyoongea kanisani, bila kupandisha sauti. "Hakutakuwa na ngoma. Mimi ni mzee wa kanisa. Tangu nibatizwe sijacheza, na mwanangu hatachezewa. Nakuahidi mbele ya ndugu zako na ndugu zangu."

Kwa ahadi ile mama alikubali. Sisemi alikubali kwa moyo mweupe, lakini alikubali, na mjomba mkubwa akasema basi, yamekwisha. Nataka hili lieleweke vizuri. Mama yangu alimwachia baba mwili wa mwanawe ukazikwe mbali, mahali ambapo angefika mara chache maishani mwake, na kitu pekee alichopewa badala yake ni neno la mumewe.

Mwenye lori alitoa gari jingine la kutubeba. Mama alikaa nyuma na jeneza, mkono wake juu ya mbao, kutoka Ipogoro mpaka Makambako, kupitia tambarare za Usangu ambako watu wa Rujewa walikuwa wameinama kwenye mashamba ya mpunga, mpaka tulipoanza kupanda kuelekea Uyole na baridi ikatupata. Mashangazi walimwomba abadilishe mkono, apumzike. Hakuuondoa. Barabara ya kwenda Tukuyu ilikuwa tope tupu, na sehemu mbili wanaume walishuka wakasukuma.

Nyumbani kwa bibi palikuwa na migomba pande zote na uwanja uliofagiliwa ukawa laini. Watu walijaa. Wanawake walikuwa wanalia wakizunguka uwanja, mikono kichwani, wakimtaja kaka kwa lugha ambayo niliielewa nusu nusu. Kaka alikuwa amekaa likizo nyingi pale, akichunga ng'ombe na kucheza mpira, na vijana wa rika lake walikuwa wamefika kwa wingi. Walisimama pembeni migombani. Wengine walikuwa wamefunga njuga miguuni, wengine wameshika mikuki na fimbo, na ngoma zao walizifunika kwa majani ya migomba zisilowe. Hawakuzipiga. Baba alikuwa ameshapita kwao na kuwaambia.

Mazishi yalikuwa ya kanisa. Mchungaji alisoma, tukaimba nyimbo za kitabuni, udongo ukashuka, maua yakawekwa. Mama alisimama wima. Baba alisimama karibu yake na koti lake jeusi na viatu vya kufundishia vilivyokuwa vimekwisha kwa tope. Kila kitu kilikwenda kama alivyoahidi. Mchungaji akatoa baraka, akaomba radhi, akaondoka kwa baiskeli kwa sababu alikuwa na mgonjwa wa kutembelea kabla mvua haijarudi.

Watu hawakutawanyika. Baba akawaambia chakula kiko tayari. Bado hawakutawanyika. Ndipo bibi yetu mzaa baba, mwanamke mfupi ambaye kanisani alikwenda siku akipenda, akatoka kati ya wanawake na kukaa chini, juu ya udongo wenyewe, miguu ameinyoosha. Akamwita baba. Akasema kwa Kiswahili, nadhani ili mama naye asikie.

"Mmemwimbia Mungu. Vizuri. Mungu amesikia. Na huyu je? Huyu anaondoka kama mtu aliyeokotwa njiani. Hakuna mwanaume hata mmoja aliyemkasirikia huyo aliyemchukua. Baba yako alipokufa ulicheza mpaka ukaanguka. Mwanao hana baba?"

"Mama, nimeahidi," baba alisema.

"Najua umeahidi. Nami nimeuliza."

Hapo kijana mmoja migombani, sijui kama kwa kutumwa au kwa kushindwa kuvumilia, akaondoa majani na kupiga ngoma. Pigo moja, zito. Halafu la pili. Baba akageuka na kuanza kwenda kule kwa hatua za haraka, na sote tulijua anakwenda kuwanyamazisha. Mama pia alijua hivyo. Nilimwangalia, alikuwa anamtazama mgongoni kwa utulivu wa mtu aliye na uhakika na mumewe.

Baba alifika mbele ya ngoma akasimama. Alikaa kimya kidogo, akisikiliza. Kisha akavua viatu. Akavua koti akalitupa, sikuwahi kumwona akitupa nguo. Akachukua mkuki mkononi mwa yule kijana wa karibu, na mguu wa kulia ukakanyaga ardhi.

Nitaeleza nilichokiona, na naomba mtu asinirekebishe. Magoti yalikunjuka, kifua kikapanda, mkono ukainuka, uso ukatazama juu. Aliruka mbele hatua chache, akageuka ghafla na kurudi. Vijana wakaingia uwanjani nyuma yake, kila mmoja akicheza mahali pake, njuga zikilia, matope yakiruka, na wanawake wakapita katikati yao wakilia kwa sauti ya juu kuliko mwanzo. Wote walifanya hivyo hivyo. Mguu ule ule. Mkono ule ule. Miaka yote ile baba alikuwa amefundisha watoto wa Iringa furaha ya ushindi kwa kuwachezea ngoma ya maziko ya kwao, na sidhani kama hata siku moja alikuwa ameligundua hilo.

Mdogo wangu alikuwa amesinzia mgongoni kwa shangazi. Kelele zilimwamsha. Akamwona baba, akajinasua akashuka chini, akacheka.

"Baba anafanya jubilanti," alisema.

Akainua mikono yake miwili na kuanza kukanyaga, kando ya kaburi, kama tulivyofanya sebuleni. Alikuwa anatuangalia mimi na mama, akingoja tuanze. Nilitamani ardhi inimeze. Mama alimwinua mtoto kwa mkono mmoja, akampitisha katikati ya wale wachezaji bila kumkwepa mtu, akaingia naye ndani ya nyumba ya bibi na kufunga mlango.

Baba hakuona. Alicheza mpaka akapiga magoti, na hata alipopiga magoti mkono ulikuwa bado unakwenda. Baba mdogo alimkumbatia kwa nyuma na kumtoa. Uso wake ulikuwa umelowa wote, na mvua ilikuwa haijaanza.

Tuliporudi Iringa, baba alikwenda kwa wazee wenzake wa kanisa bila kuitwa, akawaeleza alichokifanya. Wakamwondoa uzee na kumzuia meza ya Bwana kwa muda. Jumapili alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, na watu waliomzoea mbele wakawa wanageuka kumtafuta kisha wanakumbuka. Nadhani adhabu ile aliipenda. Ilikuwa na kipimo na ilikuwa na mwisho.

Ya nyumbani haikuwa hivyo. Mama hakugomba. Angegomba ningefurahi. Alipika, alifua, aliweka maji ya kuoga bafuni, akajibu alipoulizwa. Zamani alimwita baba kwa jina la kaka, Baba fulani, kama wake wote wanavyowaita waume zao; sasa alimwita Mwalimu, kama wapita njia. Hakumtazama usoni. Usiku alilala na sisi watoto kwa sababu, alisema, mdogo wetu anakohoa. Mdogo wetu hakuwa anakohoa.

Mchezo wetu ulikufa. Mara moja mdogo wangu aliusahau msiba, kama watoto wanavyosahau, akapiga mguu sebuleni kwa sababu amepewa muwa. Mama akamwambia taratibu, "Acha, mwanangu." Mtoto hakuuliza kwa nini. Watoto wa nyumba zenye msiba hujifunza upesi kutouliza.

Na shuleni pia. Mwaka ule nilikuwa bado darasani kwake, na tulifika kwenye hadithi ya kijiji kilichorudishiwa mifugo yake iliyoibwa. Neno lilikuwa pale, mstari wa mwisho. Darasa zima lilinyoosha shingo. Kulikuwa na watoto waliohamia kutoka shule nyingine ambao walikuwa wameahidiwa na wenzao kwamba wataona maajabu. Baba akalisoma, akasema, "Maana yake furaha kubwa," na kufungua ukurasa unaofuata.

"Mwalimu, tuonyeshe," mtoto mmoja akasema.

"Mguu unaniuma," baba akajibu.

Nilikaa nimeinamisha kichwa mpaka kengele ilipolia. Nilimwonea huruma, na wakati huo huo nilikuwa nimemkasirikia, na sikujua namkasirikia kwa lipi: kwa kuvunja ahadi, au kwa kuwa alikuwa ametupatia sisi watoto wake, tucheze nayo, huzuni ya watu wa kwao. Maana sasa nisingeweza tena kuikumbuka barua ya cheo, wala vifaranga, bila kuona matope na mikuki. Kila kitu chetu kizuri kilikuwa kimeingia kaburini pamoja na kaka.

Mama alinyamaza mpaka mahindi yakakauka. Ilikuwa mchana, Jumamosi, tumekaa uani tunapukuchua, mama na ungo wake upande mmoja, baba kwenye kigoda upande mwingine, mimi katikati na gunia.  Mama hakuinua kichwa.

"Siku ile ulikuwa unafurahi nini?"

Baba alishika hindi mkononi bila kulipukuchua. "Sikuwa nafurahi."

"Mtoto aliona furaha. Na mimi niliiona. Ni ile ile ya hapa sebuleni. Miaka yote tumeicheza hapa, mpaka mimi nimeicheza. Umenichezesha ngoma ya kumzikia mwanangu kabla hajafa."

Sikuwahi kumwona baba akikosa maneno katika lugha yoyote, lakini siku ile aliyatafuta moja moja. Alisema alikuwa kijana alipomchezea baba yake. Mwaka uleule akabatizwa, na akaacha, kwa sababu Mkristo hachezi. Hakucheza tena kitu kingine maishani. Halafu siku moja darasani, alipotaka watoto waone mtu ambaye moyo umemjaa mpaka umemshinda, mguu ulikwenda wenyewe. Aliona unafaa. Hakujiuliza umetoka wapi.

"Sina mwingine," alisema. "Wa furaha na wa msiba, mguu wangu ni huo mmoja."

Mama alipepeta kidogo, chenga zikaruka. "Kama hukuwa unafurahi, ulikuwa unafanya nini juu ya mwanangu?"

"Nilikuwa napigana."

"Na nani?"

"Na aliyemchukua. Kwetu ndivyo tunavyofanya. Mtu hachukuliwi hivi hivi, watu wakae wametulia na vitabu mikononi. Lazima mtu asimame apigane naye. Niliahidi nisifanye, na nilitaka nisifanye. Nilipofika pale nikaona hakuna mwingine wa kusimama, baba yake ni mimi."

Mama aliweka ungo chini. Alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu Rungwe, na nikatamani niondoke lakini sikuthubutu kusogea.

"Ukamshinda?"

"Hapana," baba alisema.

Mama akaanza kulia. Hakulia kwa sauti ya wanawake wa msibani. Alilia kidogo kidogo, kama mtu mchovu, punje za mahindi zikimdondoka mapajani. Baba akasogeza kigoda mpaka karibu yake, akauchukua ule ungo, akaendelea kupepeta pale alipokuwa ameachia.